Hapana ya Mwalimu Stanislaus

Mume wangu hajui kukataa. Nalisema mapema ili msije mkadhani mimi ndiye mkorofi wa kisa hiki, ingawa hapa Kasulu wapo watakaowaambia hivyo, hasa wale wa upande wa dagaa pale sokoni. Wasikilizeni, halafu mrudi kwangu. Mimi Pelagia nauza maharage, nina miaka hamsini na saba, na mdomo wangu naujua.

Stanislaus alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, akastaafu na jina zuri. Ni mtu mpole, msafi, anayesoma gazeti la wiki iliyopita kana kwamba limetoka asubuhi hii. Lakini ukimwomba kitu, umeshakipata. Toroli letu limelala kwa majirani siku nyingi kuliko kwetu. Baiskeli alimpa mtu ambaye mpaka leo hatujui jina lake, tunamwita yule wa baiskeli. Mwaka juzi mbuzi wa Krismasi aliondoka tarehe ishirini na tatu, mimi nimeshamenya vitunguu. Nilipouliza, akanijibu, "Mama Claudine, aliniomba vizuri."

Kuomba vizuri maana yake ni hii. Kwetu Buha, kwa sisi Waha, mtu anayekuheshimu hafiki mlangoni akaropoka shida yake. Anainama, wengine wanapiga goti kabisa, anakutanisha viganja taratibu, pa, pa, pa, huku akikuamkia. Mwakeye. Anauliza habari za watoto, habari za shamba, habari za ng'ombe hata kama huna ng'ombe. Hapo ndipo anaomba. Stanislaus anasema ukishafanyiwa hivyo halafu ukamnyima mtu, unajisikia mchafu mwili mzima. Mimi nilikuwa namwambia huo ni woga umevaa suti.

Basi, ana kaka yake, Nduwayezu, anakaa Munanila, kamzidi miaka kumi na miwili. Wazazi wao waliwaachia mashamba hapa Kasulu, na Stanislaus alipata matatu. La kwanza, lile la barabarani, Nduwayezu alikuja akanywa chai, akasema mwanawe mkubwa hana pa kujenga. "Sawa, kaka." La pili, la mlimani lenye mikaratusi, alikuja akanywa chai tena. "Sawa, kaka." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika mkononi.

Likabaki la bondeni. Sasa nisikilizeni vizuri. Lile bonde nimelilima mimi, miaka ishirini na tisa, mifereji yake nimeichimba kwa mikono hii. Ardhi yake haikauki hata mwezi wa nane, navuna maharage mara tatu kwa mwaka, na Claudine wetu amesomea uuguzi kwa maharage hayo hayo. Kwa karatasi ni la Stanislaus. Likiondoka lile, mimi sokoni nitakaa na gunia tupu kama mtu anayesubiri basi.

Siku moja, ilikuwa Jumatatu, ikaja salamu kutoka Munanila. Nduwayezu angefika Jumapili baada ya misa, "tuzungumze habari ya bondeni," kwa sababu kitinda mimba wake anataka kuoa. Nilimtazama Stanislaus. Alikuwa anakunja gazeti, hanitazami. Nikajua shamba limekwenda.

Nililia sokoni, sioni haya kusema. Nililia juu ya maharage ya njano mpaka rafiki yangu Jeanne akaacha maparachichi yake akaja. Jeanne ni mtu wa kutembea, wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hapa, na karatasi yake ya uraia anaiweka ndani ya Biblia. Hakuna kinachotokea kati ya Kasulu na Kibondo asichokijua. Akaniambia, "Kibondo kuna bwana mmoja wa Tanga, amepanga chumba nyuma ya gesti. Analaza watu kwa maneno tu, na wakiwa usingizini anawapandia neno kichwani. Dereva mmoja kaacha sigara. Mpeleke mwalimu akapandiwe hapana."

Nikamwambia huo ni uchawi. Akasema uchawi unapigwa vita na padri, huyu bwana padri mwenyewe kamwendea kwa ajili ya kukoroma. Sijui kama ni kweli. Jumanne asubuhi tulipanda basi la Kibondo, na Stanislaus alikubali kwenda, kwa sababu nilimwomba.

Yule bwana aliitwa Abdulrahmani, mwembamba, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Alimwamkia mume wangu shikamoo kwa adabu, kisha akanipa mkono. Sikuupokea. Hadithi za mjini tunazisikia, mtu anakushika mkono tu, ukizinduka umeshampa simu, hereni na namba ya siri. Mikono yangu niliifungia ndani ya kitenge.

Akacheka. "Mama yangu, hakuna dawa hapa wala jini. Akili ya mtu ni kama nyumba ya wapangaji. Kila siku wanaingia watu, redio inaingia, majirani wanaingia, marehemu baba yake yumo humo bado anatoa amri. Mimi nabisha hodi kama wengine, tofauti ni kwamba nabisha kwa utaratibu."

Nilimweleza shida. Alisikiliza, akasema itabidi achague ishara. Mwalimu akiisikia ishara hiyo, hapana itoke yenyewe, bila kumwuliza. "Iwe kitu chepesi, lakini kisiwe cha kila siku, maana atakataa mpaka chakula. Mimi huwa natumia makofi. Huku kwenu watu hupiga makofi ovyo ovyo?"

Nilifikiri. Wallahi nilifikiri, kama anavyosema yeye. Nikaona mahafali ya shule, nikaona mikutano ya kampeni. "Hapana," nikamwambia, "labda wakati wa uchaguzi."

Mnacheka. Chekeni. Lakini mtu akikuuliza kama unapumua sana, utajibu nini? Ile pa, pa, pa ya kwetu mimi sijawahi kuihesabu kuwa makofi. Ni salamu. Na Stanislaus alikuwa amekaa pale pale, mwalimu mzima, naye hakukumbuka.

Abdulrahmani akamwambia atazame ukucha wa kidole gumba chake mwenyewe. Akaanza kuongea, sauti ya chini, maneno yanafuatana polepole, mabega yanalegea, kope zinakuwa nzito, mwalimu unashuka ngazi, ngazi ya kumi, ya tisa. Alipofika ya nne kichwa cha Stanislaus kikaanguka kifuani. Mimi sikulala. Nilifumba macho tu kwa sababu ya vumbi. Nikamsikia anasema mara nyingi, "Ukisikia makofi, neno lako ni hapana." Kisha akapiga makofi mawili ya kumwamsha, na mume wangu akafumbua macho akasema, wazi, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia tangu tuoane, "Hapana."

Nilimpa yule bwana debe la maharage, na nyongeza juu yake.

Jumatano asubuhi nikampelekea mume wangu uji. Kama kila siku nikainama, nikakutanisha viganja. "Mwakeye, Baba Claudine."

"Hapana."

"Umeamkaje?" nikauliza, viganja bado vinakutana.

"Hapana," akasema, na macho yakamtoka, akajishika mdomo.

Tulitazamana. Nikatazama viganja vyangu. 

Kabla hatujajua la kufanya, jirani akaingia kulifuata toroli. Akainama, pa, pa, pa, "Mwakeye, mwalimu."

"Hapana."

"Nilikuwa sijaomba bado, mwalimu."

"Ndiyo," akasema Stanislaus, jasho linamtoka, "lakini hapana." Jirani aliondoka kinyumenyume. Toroli likabaki kwetu, mara ya kwanza tangu mvua za mwaka jana, nami nikajikuta nalifuta vumbi.

Jioni hiyo ilikuwa sala ya jumuiya, na zamu ilikuwa kwetu. Nilitaka kuihamisha lakini watu walishafika. Walipoanza wimbo wa kuanzia, na kwetu hatuimbi tumekunja mikono, Stanislaus akaingia nao. Kofi moja, hapana. Kofi la pili, hapana. Kwa mwendo wa wimbo, bila kukosea hata pigo moja. Katekista Fidele, mtu mwenye sikio la muziki, alidhani ni sauti ya tatu, akamtikisia kichwa kumtia moyo. Bibi mmoja aliniambia wakati wa kuaga kwamba kiitikio kile kipya kimemgusa. Tuliponyamaza kusali, mume wangu aliniegemea akaninong'oneza, "Pelagia, nitakufa kwa aibu." Nilimhurumia, lakini niliwaza bonde, nikamwambia avumilie mpaka Jumapili.

Alhamisi alikataa uji wangu. Alhamisi hiyo hiyo alimkatalia mtu aliyekuja kuomba panga. Ijumaa akaja katekista Fidele, akainama, akapiga viganja, akamwomba mwalimu awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kamati ya nne aliyokuwa anatwikwa mwaka huu peke yake. "Hapana, katekista," akasema Stanislaus, na nilimwona ameegemeza mgongo kwenye kiti, ametulia kama mtu aliyetoka kuoga.  Fidele aliniangalia mimi, nikaangalia dari.

Mchana ule mume wangu alilala usingizi mzito, akaamka, akanisaidia kuchambua maharage. Hakuna mtu aliyekuwa anamsubiri popote. Alisimulia visa vya shuleni ambavyo sikuwahi kuvisikia, kwa sababu kila alipotaka kuvisimulia miaka hiyo yote kulikuwa na mtu mlangoni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikawaza, kumbe nina mume mzuri hivi, na watu walikuwa wanamtumia wao.

Jumamosi sokoni nikamsimulia Jeanne, kwa majivuno, sikatai. Jeanne alisikiliza huku anapanga maparachichi, halafu mkono wake ukasimama hewani. "Pelagia. Nduwayezu ni mkubwa wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lini umemwona mkubwa anampigia mdogo wake viganja?"

Nilikaa juu ya gunia. Ni kweli. Wadogo ndio wanaowapigia wakubwa. Nduwayezu hajawahi kumwinamia Stanislaus hata siku moja. Anaingia, anakaa, anasema. Nimekwenda Kibondo, nimetoa maharage, nimemwaibisha mume wangu mbele ya jumuiya nzima, na mtu pekee niliyekuwa namwogopa ndiye mtu pekee asiyepiga. Nilijitukana kwa Kiha, maana Kiswahili hakikutosha.

Nikampigia simu Abdulrahmani. Aliposikia habari ya salamu za kwetu, nikamsikia anacheka amefunika simu. Akaomba radhi. Halafu akasema jambo rahisi. "Kwani lazima apige yeye? Piga wewe."

Jumapili baada ya misa Nduwayezu alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwetu, kofia kichwani, fimbo mkononi, miaka sabini na mitano na bado mgongo umenyooka. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nitakaa karibu na mlango wa jikoni. Akishamaliza kuomba, kabla Stanislaus hajafungua mdomo, napiga.

Stanislaus alikwenda kumpokea kaka yake. Akainama, akakutanisha viganja, pa, pa, pa, kama inavyompasa mdogo. "Mwidiwe, kaka," akamwamkia, maana asubuhi ilikwishapita.

Nikasubiri hapana. Haikutoka. Alimsalimu vizuri, moja kwa moja, mpaka mwisho, akamkaribisha kiti. Nikajipa moyo kwamba pengine makofi ya mtu mwenyewe hayahesabiki.

Nduwayezu alikunywa chai. Alikunywa yote. Kisha akasema kwamba kitinda mimba wake amepata mchumba, watu wa mchumba wanauliza kijana atalima wapi, na yeye Munanila hana tena hata ukingo. Limebaki bonde. Akaweka kikombe chini. Stanislaus akavuta pumzi, na mimi nikaona midomo yake, nawaapia, nikaona inajiandaa kusema sawa.

Nikapiga makofi. Mara moja, mara mbili, nikaona kimya, nikapiga kwa nguvu zangu zote kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Nduwayezu aligeuka akanitazama.

"Mama Claudine," akasema mume wangu taratibu, "acha. Iliisha tangu Alhamisi."

"Nini kiliisha?"

"Ile ya Kibondo. Alhamisi uliponiletea uji ukapiga viganja, nilisubiri neno litoke, halikutoka. Nikaona nilitoe mwenyewe, nione linavyokuwa."

"Na panga?"

"Nilikataa mwenyewe."

"Na katekista Fidele?"

"Mwenyewe." Aliinamisha uso, lakini nilimwona anatabasamu. "Nilisikia raha, Pelagia. Nilisikia raha mno."

Nduwayezu akauliza tunaongea lugha gani. Stanislaus akamgeukia. Akashikanisha mikono magotini. "Kaka," akasema, "hilo bonde mimi siwezi kukupa wala kukunyima. Karatasi ina jina langu, lakini shamba ni la Mama Claudine. Amelilima yeye, mimi nilikuwa nafundisha tu. La kuomba, mwombe yeye."

Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo, si padri, si mwenyekiti wa kijiji, wala mimi mwenyewe kwa sauti. Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto. Ningemkumbatia pale pale mbele ya shemeji. Na hapana yangu nilikuwa nayo tayari, tena siyo hapana kavu, hotuba nzima, yenye la barabarani na la mlimani na mikaratusi ndani yake. Nikakaza kitenge kiunoni. Nikakaa kwenye kiti, siyo kigoda, kiti. Nikamsubiri.

 Nduwayezu akavua kofia akaiweka mezani. Fimbo akaiegemeza ukutani. Akainuka kwa shida, akaja mpaka mbele yangu, na mzee yule, ambaye mimi tangu niolewe nampigia goti, akainama. Akazidi kuinama mpaka goti moja likagusa sakafu. Viganja vyake vilikuwa vikavu, vimepasuka, vilipokutana havikutoa sauti kubwa.

Pa, pa, pa.

"Mwidiwe, mama."

Nikaitika. Ningefanyaje? Akaniuliza habari za Claudine, na hospitali anayofanyia kazi alikuwa anaijua jina. Akaniuliza habari za goti langu la kushoto linaloniuma wakati wa baridi, na mimi sikujua kwamba kuna mtu Munanila anajua nina goti. Akaniuliza maharage yamekubali vipi msimu huu. Hakuharakisha hata kimoja. Katika ukoo ule hakuna mwanamume aliyewahi kunipigia viganja, na kila vilipokutana nilisikia kitu kinalegea ndani ya kifua changu, ngazi ya kumi, ya tisa, ya nane.

"Nakuomba bonde, mama," akasema. "Kijana wangu hana pa kuanzia."

Hapana ilikuwepo. Nilijua ilipo, nilikuwa nimeishika mkononi tangu Jumatatu. Niliitafuta kwenye ulimi, nikamtafuta Stanislaus kwa macho anisaidie, naye alikuwa anatazama chini kwa heshima, kama mtu anayejua vizuri nilipo kwa sababu ameishi huko maisha yake yote. Nikasikia mwanamke anaongea mle sebuleni, sauti laini kabisa, sikuitambua mara moja kuwa ni yangu.

"Chukua, shemeji," ilisema. "Ila uniachie nivune kwanza haya yaliyopo."

Nduwayezu alishukuru, akapiga viganja tena, akasaidiwa kuinuka. Stanislaus alichukua birika akaenda jikoni kuongeza chai, na nilimsikia huko anacheka peke yake, anajizuia, anashindwa.